Vipimo vya Mtu Asiyekuwepo

Nimeshona nguo za maharusi, za makatekista, za matarishi wa bwana shauri, hata sanda, lakini mtu wa kwanza kuniletea vipimo vya mtu asiyekuwepo alikuwa Mwandishi. Alikuja barazani kwangu Isevya, mtaa wa Tabora, asubuhi moja, kitambaa cha merikani kwapani, karatasi mkononi. Kwenye karatasi ameandika shingo, kifua, mabega na urefu wa mkono. Nikamwambia hata kipofu angejua vipimo hivyo si vyake, maana yeye alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe na hivi vilikuwa vya pande la mtu.

"Si vyangu, Fundi," akasema. "Ni vya mtu ninayemwandika. Nikijua mabega yake nitajua anavyopita mlangoni."

Nikadhani ananifanyia mzaha, na mimi mzaha wa asubuhi siupendi. Lakini kazi ni kazi, nikashona. Akalichukua shati, akalitundika kwenye msumari ukutani kwake, nyumba ya pili kutoka kwangu. Miezi ikapita. Siku moja akalirudisha limekunjwa vizuri.

"Huyu amekufa jana," akasema. "Lifumue. Kitambaa nitampa mwingine."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka mazishini, mpaka nikajikuta nasema pole. Nilipolikunjua nifumue mishono, kola ilikuwa na jasho. Nasema nilichokiona, sina zaidi. Mimi ni fundi, naijua kola iliyovaliwa na ile ambayo haijavaliwa. Lile shati lingemmeza yeye mara mbili, na nyumbani kwake hakulala mtu mwingine. Nililifua kwanza, nikalianika, ndipo nikachukua wembe nikafumua.

Kwa miaka niliyokaa naye jirani nilimshonea watu wengi wa namna hiyo. Wanawake pia. Ukiingia chumbani kwake uliyakuta mashati na magauni yametundikwa kuzunguka kuta nne, naye katikati anagonga mashine yake ya chapa, akiinua macho mara kwa mara kumtazama huyu au yule kama mtu anayengoja kujibiwa. Mke wangu alikataa kabisa kupeleka chakula mle. Alikiacha kizingitini, anapiga hodi, anaondoka bila kungoja karibu.

Watu walimwita Mreno, naye hakuchoka kusahihisha. "Mbrazili," alisema, akiinua kidole. Wengi hawakujua Brazili ni wapi, wakaona ni Ureno ya mbali zaidi. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, nywele za kipilipili zenye mvi, na hilo liliwasumbua Waingereza kuliko lilivyotusumbua sisi. Kwenye klabu yao hakukaribishwa. Kwenye treni mkaguzi alitazama tiketi, akamtazama uso, akatazama tiketi tena, na mwisho akamwacha asimame ushorobani mpaka Itigi. Mwandishi hakulalamika. Alisema ushorobani ndiko habari zinakopita.

Karani wa posta, Mgoa mmoja mpole aliyejua Kireno, ndiye aliyetuambia kwamba kwao huyu bwana alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa ametoa vitabu, na gazeti moja la huko lilipiga chapa habari zake na riwaya yake, sura moja moja, kila alipotuma bahasha. Kwa nini mtu wa namna hiyo akae Isevya katika nyumba ya udongo yenye bati linalovuja, karani hakujua. Ukimwuliza mwenyewe alisema, "Nimekuja kutazama njia." Alimaanisha ile njia ya zamani ya misafara, iliyowabeba babu zetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, kwenda Ujiji, kwenda kusini mpaka Katanga.

Alikuwa watu wawili. Akiandika habari, hakukubali hata punje ya uongo. Aliwahi kupanda lori mpaka Choma, siku nzima ya vumbi, kwenda kuhakikisha kama kisima alichokitaja kilikuwa na ngazi. Akarudi na kikohozi cha wiki mbili, amefurahi kwa sababu ngazi ilikuwapo. Lakini akigeukia riwaya alidanganya bila kupepesa macho, na hakuona kinyume chochote katika hilo. Siku nilipombana alinijibu, "Gazeti linataka kilichotokea, Fundi. Riwaya inamtaka aliyetokewa." Nilikwenda nikaifikiria sentensi hiyo juu ya suruali tatu nzima, na mpaka leo sijui kama nilimwelewa.

Uongo wake ulinifikia na mimi. Gazeti lilipokuja kwa meli, karani alitusomea barazani akitafsiri. Habari ilikuwa juu ya warina asali wa Ipole, na kila neno lake lilikuwa kweli. Kisha akageuza ukurasa akasoma riwaya, na humo mna fundi cherehani wa Isevya, mkali, mwenye kiburi, mguu mmoja mfupi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilisimama nikatembea mbele yao kuonyesha miguu yangu iko sawa, wakazidi kucheka.

Usiku ule sikulala, si kwa hasira. Nilikuwa nimekumbuka kwamba mwaka uliotangulia Mwandishi aliniletea vipimo, nami nikashona bila kufikiri. Nikaitafuta ile karatasi kwenye kopo la vifungo, nikajipima. Shingo, kifua, mkono, vyote vilikuwa vyangu. Tangu siku hiyo kila alipokuja na shati la kufumua, nilitazama kwanza kama ni lile. Nikashindwa kuvumilia, nikamwomba anirudishie shati lile.

"Bado unatumika," akasema, na akanipigapiga begani kwa upendo.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mbaya. Alipenda watoto wa mtaa, alikunywa uji wetu bila kukunja uso, alisalimia wazee kwa Kinyamwezi kibovu, "Mwangaluka, mwangaluka," mpaka jioni, ingawa salamu hiyo ni ya asubuhi. Alikuwa na adabu. Ila adabu yake nyingine haikuwa kwa ajili yetu.

Nilimsindikiza mara moja kwenye ile njia, kusini ya mji. Ilikuwa saa saba mchana, jua utosini, hakuna upepo, hakuna mtu. Tulikuwa tunazungumza habari za vifungo. Ghafla akanyamaza, akatoka njiani, akasimama kwenye majani, akavua kofia. Mimi nikabaki katikati ya njia namtazama.

"Sogea, Fundi," akasema kwa sauti ya chini.

Naona haya kusema kwamba nilisogea. Tulisimama pale muda ambao watu arobaini, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, wangepita. Sikuona kitu. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, na ndege waliokuwa wanapiga kelele kichakani walikuwa wamenyamaza. Kisha akavaa kofia, akarudi njiani, akaendelea na habari za vifungo. Nilimwuliza ni nani wale.

"Sijui," akasema. "Ila wana mizigo, na sisi hatuna."

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana bila hiyo Mwandishi kwangu angebaki jirani wa ajabu tu, wa kusimulia watu wakacheka.

Baba yake mama, yaani babu yangu, alikuwa mpagazi. Aliondoka na msafara wa kusini mama angali msichana mdogo, hajavunja ungo, na hakurudi. Hakuja mtu kusema amekufa wapi wala kusema yu hai. Kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyefariki. Lakini jina la mtu ambaye kifo chake hakijulikani haliguswi. Ukilitoa, ni kama umemtangulia kumzika, na wazee walisema mwenyewe huja kulidai. Kwa hiyo jina la babu lilikaa miaka yote hiyo bila mwenyewe, na mama alikaa nalo.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumezika watoto wawili, wote kabla ya kuachishwa ziwa. Mimi ni Mkatoliki, nilibatizwa nikiwa mtoto, lakini baada ya yule wa pili nilikwenda na mama kwa mganga wa ramli kama watu wengine wanavyokwenda, na nilikwenda mchana kweupe. Mganga akasema yuko mzee anataka jina lake. Mama akalia pale pale, kwa sababu alimjua ni nani na hakuweza kumpa. Mke wangu alipopata mimba ya tatu, hofu iliingia nyumbani ikakaa kama mgeni asiyeaga.

Wakati huo huo Mwandishi akaniletea vipimo vipya. Mtu mrefu, kifua cha wastani, bega la kushoto chini ya la kulia kwa vidole viwili na juu yake lina nundu, kwa hiyo niache nafasi. Nikakata, nikashona, nikalitundika shati kwenye ukingo wa baraza. Mama alikuwa ameketi mkekani anachambua karanga. Akainua macho. Ungo ukateleza mapajani, karanga zikatawanyika barazani.

"Nani amekupa bega la baba?" akauliza.

Nikamwambia ni kazi ya Mwandishi. Akasema baba yake aliumia bega la kulia ujanani, akabeba maisha yake yote kwa la kushoto, na sugu lake lilikuwa na ukubwa wa yai. Yeye alikuwa akilipaka samli. Hajapata kumwambia mtu jambo hilo, hata mimi. Na ni kweli, nilikuwa silijui.

Hakunisubiri. Alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mwandishi, mlango ambao hata yeye hakuwahi kuuvuka, akaingia, akaketi sakafuni chini ya zile nguo. Nikamfuata. Akamwambia Mwandishi, "Baba, yule mwenye bega lile, mwambie binti yake amempata. Anataka kujua amelala wapi."

Mwandishi alimtazama mama. Kisha akatazama ukuta. Akaanza kusema polepole kwamba yule mtu aliugua njiani, kusini ya Ipole, siku moja na nusu ya mwendo, mahali njia inapokata korongo lenye maji ya kuchimba, penye mawe matatu makubwa. Wenzake walimwacha kivulini mwa jiwe la kati na kibuyu cha maji, kwa kuwa msafara haukungoja wagonjwa. Hakuteseka sana, akasema. Alikuwa akizungumza na binti yake mpaka mwisho.

Mama alimshika mikono yote miwili akambusu viganja. Sijamwona mama yangu akifanya hivyo kwa mtu yeyote, hata padri.

Tulikwenda. Kutoka Ipole mimi na mama tulishika njia na mrina asali mmoja wa huko, mtu wa maneno machache, aliyeijua misitu hiyo kwa mizinga yake. Siku ya pili, jua limeanza kuinama kidogo, tukafika korongoni. Mawe matatu yalikuwapo. Mrina asali akasema hajapata kuona mtu akifika pale kwa kuelekezwa na mgeni. Tukachimba kivulini mwa jiwe la kati kwa jembe la mkono, na kabla sijatokwa na jasho tukaikuta mifupa.

Mama akatuambia tusogee. Akapiga magoti, akaisafisha mmoja mmoja kwa kanga yake, ameinama, mgongo ametugeuzia. Alikaa vile muda mrefu mpaka nikataka kumwita. Kisha akaanza kulia kile kilio cha zamani, cha sauti moja ndefu, ambacho nilikuwa nimekisikia utotoni tu. Tukafukia upya. Akanyunyiza maji ya unga juu ya udongo, akasema maneno yake. Mtoto alipozaliwa tukampa jina la babu. Akaachishwa ziwa, akatambaa, akatembea, akaanza kunikwaza kwenye cherehani. Nilimpenda Mwandishi siku hizo kama ndugu wa damu, na mke wangu alianza kumpelekea chakula mpaka ndani.

Yeye lakini alibadilika. Tangu nilipomwambia tulichokikuta, hakuniletea tena vipimo. Mashine yake ya chapa ilinyamaza. Alizishusha nguo zote ukutani akaniletea kwa mkupuo mmoja, akasema nigawie watu. Nikadhani ni uzee.

Miaka mitano baadaye kifua kilimlaza. Hospitalini hawakujua wamweke wapi, ikaishia wadi ya Wahindi. Akamtuma karani wa posta aniite. Nilikwenda Jumapili baada ya misa, na mama, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, akasema anakuja na yeye. "Nina neno naye," akasema. Sikuuliza ni neno gani.

Tulimkuta amekonda, macho yamekuwa makubwa. Alipomwona mama alijaribu kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na maradhi."

Akavuta pumzi. "Fundi, nilikuita wewe kwa sababu yeye niliona haya kumtazama. Sasa amekuja, basi asikie. Mama, sikuwahi kufika kule korongoni. Nilipabuni. Sikujua lolote juu ya baba yako."

Nilimfikiria mtoto wangu nyumbani, ana jina la mtu ambaye labda hakufa, na nikamfikiria huyo mtu akija kulidai. Hasira ikanipanda, nikamwuliza kwa ukali, "Na bega je?"

"Bandarini kwetu wachukuzi wa kahawa wote wana nundu ile. Mabega ya wapagazi ni mamoja. La kushoto, kwa sababu mimi natumia kushoto. Watu wangu wote nawatungia upande huo. Na maji? Kila njia ina mahali pa maji, na pakiwa na maji pana mawe. Mama alikuwa ameketi chini ananitazama, nikashindwa kusema sijui." Akakohoa, akapumzika. "Lakini nilimtunga mtu, na ninyi mkaenda mkamkuta. Sijaandika neno tangu siku ile. Ninaogopa."

Mama aliweka mikono juu ya mkongojo. "Hukumtunga," akasema. "Alikuwa pale kabla yako. Na hakuwa baba yangu."

Nikamgeukia. "Mama?"

"Baba alichongwa pengo kwenye meno ya mbele, kama vijana wote wa kwetu wa zama zile. Yule meno yake yalikuwa mazima, yameshikana. Niliona nilipofuta udongo kwenye taya. Alikuwa mtu wa nchi nyingine."

"Ulijua siku ile ile? Sasa mbona ukalia? Mbona mtoto tukampa jina?"

"Ningemlilia nani mwingine? Yule naye alikuwa na watu wanaotazama njia, na hakuna aliyemfikia isipokuwa mimi. Nikamlilia kilio chake na cha baba, vyote pamoja. Na jina..." Akauzungusha mkongojo mikononi. "Mkeo alikuwa na mimba ya miezi saba. Niliogopa kuzika wa tatu, mwanangu. Nilichoka kungoja. Nikamwambia baba, kama u hai njoo unidai mimi, mtoto umwache. Basi, mpaka leo sijaona mtu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka mitano mama yangu alikuwa akilala kila siku akingoja kudaiwa, na mimi nikipiga cherehani. Nilitamani kumshika mkono lakini sikuthubutu.

Mwandishi alikuwa analia bila sauti. Mama akamwacha alie, kisha akasogeza kigoda karibu na kitanda.

"Na wewe, baba? Kwenu wanajua uko wapi?"

"Gazeti linajua."

"Gazeti si mtu. Una mtoto?"

Akashika kifungo cha shati lake.

"Binti," akasema. "Nilipoondoka alikuwa ndiyo kwanza anajua kufunga vifungo mwenyewe."

"Unamwandikia?"

"Habari nilizoandika mimi, mama, ni za watu wengine."

Mama akanigeukia. "Toa karatasi."

Sikuwa na karatasi, nikaomba kwa muuguzi. Mwandishi hakuwa na nguvu ya kushika kalamu, kwa hiyo tulikubaliana aseme kwa Kiswahili, mimi niandike barua, na karani wa posta aigeuze Kireno. Akafumba macho. Akaanza: "Binti yangu mpenzi, nakuandikia kutoka nyumba nyeupe kando ya mto, mbele yangu kuna bustani..."

"Mto gani?" mama akamkatiza. "Tabora haina mto. Futa."

Nikafuta. Akaanza tena: "Binti yangu, mimi ni mzima, na mwakani nikijaliwa..."

"Futa," mama akasema. "Mwambie ulipo. Usimtungie. Mimi nimetungiwa, najua."

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajajua afanye nini na mabega yake. Akasema taratibu, neno kwa neno, nami nikaandika neno kwa neno, mama akitazama kalamu ingawa hakujua kusoma.

"Binti yangu. Niko Tabora, Tanganyika. Niko hospitalini, wadi ya Wahindi, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Naumwa kifua na sitapona. Makaburi ya Wakristo yako nje ya mji, na fundi anayeniandikia barua hii atasimama hapo siku hiyo. Barua itachukua miezi kukufikia. Hutanikuta, ila mahali utapajua."